Somo: Kuchagua kabureta mbadala ya DT na tu-stroki nyingine za porini

Habari za leo ndugu zangu. Kila mara naletewa DT (pikipiki ya porini ya Yamaha, ya injini ya tu-stroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli) iliyofungwa kabureta mpya, mwenyewe ana matumaini makubwa, lakini pikipiki inakohoa kuliko ilivyokuwa na ile ya zamani. Pikipiki hizi bado zinawabeba maafisa ugani, wachana mbao na watu wa misheni huku Nyanda za Juu, na kabureta zake za asili zimeliwa na vumbi miaka mingi. Kwa hiyo kubadilisha ni haki kabisa. Nitaeleza kwa DT 175, ndiyo ninayoijua kuliko zote, ila utaratibu ni ule ule kwa DT 125 na TF 125 ya Suzuki.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni kabureta

Kabla ya kutoa hela, washa injini iache ingurume bila kugusa mafuta, kisha pulizia maji ya sabuni kuzunguka raba inayounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, hewa inavuja pale na kabureta mpya haitakusaidia. Halafu zima, toa slaidi (ile pistoni ya kabureta inayovutwa na waya), ipanguse, irudishe bila springi na uitikise kwa kidole. Ikicheza kama jino bovu, basi kweli, kabureta imekwisha.

Hatua ya 2: Ukubwa wa koo

Koo ni lile tundu la kabureta linalopitisha hewa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. DT 175 ninazozishika zina Mikuni ya aina ya VM yenye koo la milimita 24. Mtu anaona 28 si mbali na 24, anaona hata 34 ni "kumi tu zaidi". Lakini hewa haipiti kwenye kipenyo, inapita kwenye eneo lote la tundu. Piga hesabu: 24 mara 24 ni 576, 28 mara 28 ni 784, 34 mara 34 ni 1,156. Maana yake 28 ni kubwa kwa zaidi ya theluthi moja, na 34 ni mara mbili ya ile ya kiwandani.

Koo likiwa kubwa kuliko pumzi ya injini, hewa hupita taratibu. Hewa ya taratibu haina nguvu ya kunyonya petroli kutoka kwenye jeti (kiskrubu chenye tundu dogo linalopima petroli), kwa hiyo ukifungua mafuta ghafla kwenye mlima injini inazama, inasita, ndipo inaamka. Kwenye njia ya msituni, una mzigo nyuma na tairi liko kwenye mfereji, kule kusita ndiko kunakokuangusha. Ushauri wangu kwa DT 175 ambayo ekzosi na silinda ni za kawaida: 24 au 26. Ishirini na nane nafunga kwa mtu aliyekwisha kubadilisha ekzosi na ridi (vile vilango vya kuingizia hewa kwenye injini), na anayeendesha kwa kasi. Zaidi ya hapo sifungi.

Hatua ya 3: Slaidi ya duara au bapa

Mikuni VM ina slaidi ya duara. Ni ya kizamani, mpole, husamehe makosa, na jeti zake zinapatikana. Keihin PWK na Mikuni TM zina slaidi bapa. Ukifungua mafuta zinajibu haraka, lakini zinataka jeti ziwe sahihi kweli. Sokoni zimejaa nakala zilizopigwa chapa "PWK" bila jina la kiwanda. Si zote mbaya, ila ikague mkononi: slaidi ipande na kushuka bila kukwama, koo la ndani liwe laini bila makovu ya kusubu, na jeti ziwe na namba zinazosomeka.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: "Jeti zake unazo?" Kama hana, iache hata kama bei ni nzuri. Kabureta bila jeti za kubadilisha ni kiatu cha saizi moja kwa kijiji kizima.

Hatua ya 4: Pima

Chukua venia (kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo). Pima kipenyo cha nje cha shingo inayoingia kwenye raba ya injini, kisha upande wa filta ya hewa. Nakala za PWK 28 nilizopima zina shingo ya milimita 35, na raba ya DT haiwezi kuimeza, kwa hiyo weka bei ya raba nyingine kwenye hesabu. Angalia pia kama kifuniko cha juu kitagusa tangi, na kama mkono utafika kwenye choki.

Hatua ya 5: Oili

Someni hapa mara mbili. DT ina pampu inayojipigia oili ya 2T yenyewe. Waya wa mafuta kutoka kwenye mkono unagawanyika mara mbili, mmoja unaenda kwenye slaidi na mwingine kwenye pampu. Kabureta ya 24 huinua slaidi milimita 24, ya 28 huinua 28. Ukibadilisha moja bila kugusa nyingine, vipimo vya oili vimehama. Kwenye pampu kuna alama na pini. Kabla hujafungua kabureta ya zamani, angalia slaidi iko wapi alama inapokutana na pini, uandike. Ukifunga mpya, rekebisha waya wa pampu mpaka vikutane slaidi ikiwa imefunguka kwa kiasi kile kile. Kisha fungua mafuta mpaka mwisho na uhakikishe pampu haigoti kabla ya slaidi kufika juu.

Jambo la pili: fuata mpira wa oili uone unaingia wapi. Kuna pikipiki ambazo oili huingia kwenye mwili wa kabureta yenyewe, na kabureta nyingi za kununua hazina tundu hilo. Niliwahi kuletewa DT iliyokamata pistoni kwenye mteremko wa Kitonga. Nilipoinua silinda, upande wa ekzosi pistoni ilikuwa na michirizi minne ya wima, na ringi imezikwa ndani ya alumini iliyoyeyuka. Mpira wa oili ulikuwa umezibwa kwa skrubu na kufungwa vizuri kabisa kwa waya, kwa sababu kabureta mpya haikuwa na mahali pa kuupokea. Hakuna aliyemwambia mwenye pikipiki achanganye oili kwenye tangi. Alikuwa amekopa kuinunua.

Kama pampu haitatumika tena, changanya mwenyewe: mililita 31 kwa lita moja ya petroli ni 1:32, mililita 25 ni 1:40. Na hata kama pampu inafanya kazi, tangi la kwanza baada ya kubadilisha kabureta mimi huongeza mililita 20 kwa lita. Moshi utakuwa mwingi, uvumilie.

Hatua ya 6: Jeti

Jeti ndogo inatawala unapoanza kufungua mafuta, sindano inayoning'inia kwenye slaidi inatawala katikati, jeti kubwa inatawala robo ya mwisho. Anza na jeti kubwa yenye petroli nyingi, kisha shuka namba moja moja. Usianzie chini kupanda, maana kwenye tu-stroki petroli ikipungua, oili iliyomo nayo inapungua.

Injini ikishapata moto, tafuta barabara iliyonyooka, gia ya tatu, fungua yote kwa mita mia kadhaa, kisha kwa pamoja kamata klachi na zima. Usiiache ingurume. Toa plagi. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Nyeupe ni hatari, petroli haitoshi; nyeusi yenye unyevu endelea kushuka namba.

Maswali ya wanachama

*Njombe:* Fundi, nimefunga 28 ya nakala. Ikingurumishwa iko safi, nikifungua kidogo inakata kama inazima, kisha inaruka.

Mkuu, hiyo ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Skrubu ikiwa upande wa filta, ukiifungua unaongeza hewa, ukiikaza unaongeza petroli. Anza mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokazwa, kisha ikaze robo robo. Kama inatulia tu ikiwa imekazwa karibu yote, jeti ndogo ni ndogo mno, panda namba moja.

*Kilolo:* Shikamoo fundi. Mimi ni afisa ugani, DT yangu jeti zake nimezirekebisha huku milimani na plagi ina kahawia nzuri. Mwezi ujao naipeleka Dar. Nibadilishe chochote?

Marahaba dada. Ndiyo, usiondoke hivyo hivyo. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka hewa inazidi uzito kwa karibu asilimia 10, na wewe utashuka zaidi ya 1,500. Kahawia ya huku inakuwa nyeupe kule. Panda jeti kubwa namba mbili au tatu kabla ya kuteremka, na shusha kile kipini kinachoshika sindano kwenye slaidi mfuo mmoja ili sindano inyanyuke. Ukifika, rudia kile kipimo cha rangi ya plagi.

*Kahama:* Nina jeti za Mikuni namba 180. Naweza kuziweka kwenye Keihin?

Hapana kaka. Mikuni za pembe sita namba yake inahesabu petroli inayopita, Keihin namba inafuata kipenyo cha tundu. 180 na 180 si ndugu, na hata nyuzi zake za kukazia hazilingani.

*Mombasa:* Kuna jamaa ananiuzia ya 36 iliyotoka kwenye pikipiki ya krosi (ya mashindano ya porini) ya cc 125. Anasema nayo ni cc ndogo kuliko yangu.

Cc ni ndogo lakini pumzi si moja. Ile ya krosi inafanya kazi kwenye mizunguko ya juu sana, na silinda, ridi na ekzosi vyote vimetengenezwa kwa ajili hiyo. DT yako inavuta kutoka chini. Mwachie. Hela hiyo nunua VM 24 mpya na jeti kubwa tano za kujaribia.