Somo: Namna ya kulirudishia korongo nafasi yake kabla ya masika

Habari za jioni wanachama. Wengi mmeniuliza tulifanyaje hadi maji yakaacha kuingia vyumba vya uani, wakati mtaa wa pili bado wanapandisha magodoro juu ya meza kila masika. Naandika yote, pamoja na pale tulipochemka, maana tulichemka haswa.

Kwetu ni bondeni, kwenye kijito kimoja kinachomwaga Mto Msimbazi. Msimbazi wenyewe mnaujua: unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza jiji, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 hapa Dar, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, na daraja jipya la Jangwani limo humo. Hiyo ni kazi ya wakubwa na ina wataalamu wake. Mimi nazungumzia makorongo madogo yanayoulisha mto, yale ambayo hakuna wa kuyashughulikia isipokuwa wanaolala kando yake.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Tulichanga, tukakodi, kikachimba siku mbili. Korongo likawa na kina, limenyooka kama rula, na mchanga wote tukaurundika palepale ukingoni. Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ikaurudisha mchanga ndani, ukingo wa chini ukamegeka, na choo cha jirani yetu kikabaki kinaning'inia nusu hewani. Maji ukiyanyooshea njia yanakimbia, na yakikimbia yanakula udongo. Shida yetu haikuwa kina. Korongo lilikuwa limebanwa: huku mtu kasogeza uzio, kule kifusi cha fundi, pale viroba vya mchanga vya mwenye duka. Tulipoacha kuchimba na kuanza kulirudishia upana, mambo yakabadilika.

Hatua ya 1: Litembeeni wakati mvua inanyesha

Siyo kesho yake. Wakati ule ule, mkiwa juu ukingoni, msiingie majini. Watu watatu wanatosha: mmoja wa daftari, mmoja wa kupiga picha, mmoja mzee wa pale anayejua maji yalikuwa yanapita wapi kabla ya nyumba. Andikeni maji yanaingilia wapi, yanasimama wapi, yanapiga kona wapi. Mvua ikikatika, ingieni majumbani mkatafute alama za matope ukutani.

Kwa bibi mmoja tulikuta mistari mitatu ya matope nyuma ya mlango wa stoo, mmoja juu ya mwingine. Alikataa katakata ukuta ule kupakwa rangi. Mstari wa juu ulinifika kiunoni, na bibi alikumbuka kila mmoja ni wa mwaka gani. Tulichukua kamba na mpira wa maji wa kusawazishia kama mafundi wanavyofanya, tukauhamisha usawa ule hadi korongoni. Kile ndicho kipimo chetu mpaka leo.

Siku hiyohiyo tuligundua kalavati la chini lina matundu mawili lakini linalofanya kazi ni moja. Tundu la pili lilikuwa na tairi la lori, godoro, na mzizi wa mwembe. Miaka yote tulikuwa tunalaumu mvua!

Ramani pia ipo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wakazi na wanafunzi wa vyuo kuchora mitaa na mifereji ya Dar. Chapisheni kipande chenu kwenye karatasi kubwa, mchore juu yake kwa kalamu.

Hatua ya 2: Serikali ya mtaa, kisha barua

Msianze na jembe. Mwenyekiti na mtendaji waitishe mkutano, muhtasari upigwe muhuri. Mambo ya kingo na mkondo wa maji yanahusu Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, makalavati na barabara za mtaa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuzoa taka na kupanda nyasi hakuna atakayewazuia, ila kukata ukingo subirini kibali.

Hatua ya 3: Anzeni juu

Hapa ndipo vikundi vingi vinakosea, wanaanzia pale wanapoumia. Piga hesabu hii: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 10 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 50, linashusha lita 4,000. Nyumba mia moja za huko mlimani ni lita laki nne, na zote zinakuja kwenu kwa pamoja, kwa sababu uwanja mzima umewekwa pavingi.

Tulipanda kuwaona wenzetu wa juu. Mara ya kwanza walitushangaa: kwao hakujai maji, wafanye nini? Kilichowalegeza ni habari ya maji ya bure. Gata na simtanki, na anayeshindwa, pipa. Maji yanayozidi yaingie kwenye shimo lililojazwa mawe na kokoto, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Siyo wote waliokubali. Waliokubali wametosha kuchelewesha maji, na kuchelewesha ndiko tunakotaka.

Hatua ya 4: Taka

Tumieni Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi. Ila gari la taka liwe limelipiwa kabla hamjashika reki, maana rundo likilala ukingoni usiku mmoja, asubuhi limo ndani tena. Buti na glovu kwa kila mtu, hasa mwenye kidonda: homa ya mgunda, ugonjwa unaoletwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, inaingilia hapo.

Hatua ya 5: Ukingo wa ngazi

Badala ya ukuta uliosimama wima, sisi tulipopata kibali tuliulaza: kila mita moja ya kwenda juu, mita mbili za kurudi nyuma. Chini kabisa tuliacha mkondo mwembamba wa maji ya kila siku. Juu yake pana sakafu ya udongo, pana kama njia ya bajaji mbili, ambayo kiangazi watoto wanachezea mpira na masika inalala chini ya maji. Kona za korongo tuliziacha zilivyo. Mchanga uliotoka ulibebwa siku hiyohiyo.

Nafasi ilitoka wapi? Nyuzio nne zilirudi nyuma, na banda la kuku. Mazungumzo ya banda la kuku peke yake yalichukua miezi mitatu.

Hatua ya 6: Nyasi

Tulipanda vetiva kwenye mteremko na kuyaacha matete yaliyokuwepo chini. Mizizi ya vetiva inashuka wima, ikikomaa inaweza kupita mita tatu, na haisambai kwa mbegu, kwa hiyo haigeuki kuwa gugu shambani kwa mtu. Chimbua shina, ligawe vipande vya machipukizi mawili matatu, majani yakate yabaki kama sentimita 20. Panda kwa mstari unaokatiza mteremko, siyo unaoshuka nao, kipande na kipande sentimita 10 hadi 15. Ukiona pengo la kupitisha mguu, jaza, kwani maji yatapenya hapohapo.

Pandeni vuli inapoanza, Oktoba au Novemba. Sisi mwaka wa kwanza tulipanda Aprili katikati ya masika, na miche ikaenda kuota Jangwani.

Hatua ya 7: Alama za rangi

Nguzo ya kivuko tumeipaka kijani, njano na nyekundu, na kila sentimita 10 kuna mstari. Wenzetu wa juu nao wana yao. Maji yakigusa njano kwao, wanatupigia simu, sisi tunaamsha wazee na kuzima umeme. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, tunaufuata, lakini simu ya saa nane usiku ndiyo inayookoa magodoro.

MASWALI YA WANACHAMA (jina la mtaa wa muulizaji, kisha swali)

Kigogo: Shikamoo mwalimu. Jirani wa ng'ambo anajenga ukuta wa mawe upande wake. Sasa maji yote yatakuja kwetu. Tumfanyeje?

Marahaba. Usiende peke yako na usiende na hasira. Nenda na mjumbe na picha za kabla na baada. Ukuta wa upande mmoja unayasukuma maji ng'ambo, hiyo ni kweli, lakini pia unakula msingi wake mwenyewe kwa chini. Mwonyeshe ulioanguka, haukosekani. Akikataa, mtendaji aandike barua Bodi ya Bonde.

Tandale: Kaka, mbona Mto Ng'ombe umejengewa zege? Wahandisi hawajui nyasi?

Wanajua. Mahali ambapo nyumba zimegusana pande zote mbili hakuna nafasi ya kulaza ukingo, zege linabaki ndiyo njia. Ila zege linapeleka maji chini kwa kasi, kwa hiyo wa chini lazima wawe wamejiandaa. Penye nafasi, mimi siwezi kuchagua zege.

Kinyerezi: Vijana wanachota mchanga usiku. Tukiwakataza wanatutukana.

Hili sijalimaliza hata kwetu. Mchanga ukitoka chini ya ukingo, ukingo unaporomoka, vetiva au hapana. Tulichofanya ni kuwapa wawili kati yao kazi ya kulipwa ya kutunza miche. Wamepungua, hawajaisha.

Mburahati: Dada zangu hapa wanauliza, na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha je? Tunasafisha nini sasa?

Mwambie mwenye nyumba, siyo mpangaji. Sisi tulichangishana kuita mtu wa pampu kwa vyoo sita kwa siku moja, bei ikashuka. Na siku yenye harufu hakuna anayeingia korongoni, hata awe na buti.

Mbezi: Mbuzi wakila vetiva?

Majani machanga wanayapenda. Weka miiba miezi mitatu ya mwanzo. Yakikomaa yanakuwa magumu, wanayapita.

Kigogo tena: Naomba uniambie ukweli mwalimu. Tukiwaita hao wa Bonde na mita zao 60, si watakuja na rangi nyekundu watupige X ya kubomolewa?

Hofu hii ndiyo iliyotuchelewesha mwaka mzima, na siwezi kukuahidi kwa niaba ya mtu. Nyumba zetu nyingi zimo ndani ya hizo 60 na wanaohusika wanajua hivyo bila sisi kuwaita. Tulichoomba kwenye barua ni kibali cha kurekebisha ukingo, tukaambatanisha muhtasari, ramani na picha 14. Afisa alikuja, akapita na mistari ya matope ya bibi, akauliza ni nani aliyeipima. Kibali kilichukua wiki saba. Hakuna X iliyopigwa siku hiyo. Njoo Jumapili baada ya saa kumi nikupe nakala ya barua, na uje na gunia la kubebea miche.