Kanga, vifungo na beseni la maji: kumfundisha mtoto mdogo nyumbani huku kazi zikiendelea

Nashona nguo barazani kwangu hapa Tanga, na watoto wangu watatu wamejifunzia kusoma na kuhesabu pembeni ya cherehani kabla ya kufika darasa la kwanza. Kitindamimba bado yupo hapo. Wateja wanaokuja kupima huniuliza nimempeleka shule gani ya awali, na nikisema yupo nami tu nyumbani, wanadhani nina nafasi nyingi. Sina. Mzazi mwenye kazi za kutwa kama mimi ndiye hasa ninayemwandikia.

Kwanza tuwekane sawa. Hapa Tanzania sheria inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi akifikia umri, na wangu wanaandikishwa. Ninayoyaeleza ni ya ile miaka mitatu hadi sita, wakati mtoto anauliza "kwa nini" tangu afumbue macho mpaka alale, na wengi wetu tunamfukuza jikoni akacheze ili tumalize kazi. Kazi tunayomfukuza ndiyo yenye masomo.

Sitengi saa ya masomo. Katika kila kazi natafuta sehemu moja ambayo mtoto anaiweza na itakayotumika kweli, kisha namwachia, hata kama itachelewa. Mtoto anatambua upesi sana akipewa kazi ya kumzuga. Mpe kopo la vifungo achezee, atavimwaga na kuondoka. Mwambie, "Baba, nitafutie vifungo sita vyeupe vya matundu manne, shati la mteja linasubiri," atakaa chini na kopo lile mpaka avipate, na atavihesabu tena na tena asije akapungukiwa.

Kusoma: anza na kanga

Kila nyumba ya pwani ina kitabu cha kwanza cha mtoto, kimekunjwa sandukuni au kimeanikwa kambani. Jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ni fupi, limeandikwa kwa herufi kubwa zinazoonekana vizuri, na mtoto analijua kwa sababu ni nguo ya mama au ya bibi yake. Mimi huanza na ile ya MAMA NI MAMA. Itandaze mkekani, weka kidole chake chini ya maneno, msomee polepole. Siku za mwanzo usimdai kitu. Msomee tu kila unapoikunja, mpaka siku atakayokusomea yeye kwa kukariri. Hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa mwonyeshe kwamba jina lile zima lina herufi nne tu: M, A, N, I. Usimpe majina ya herufi, mpe sauti. Midomo ifungwe, mmm, kisha ifunguke: ma. Ulimi juu, nnn, kisha: ni. Akishajua ma, mi, na, ni, basi kwa herufi hizo hizo nne anasoma mama, mimi, nani, nini, nina, nia, mia, maini, imani, amani. Anasoma hata sentensi kamili: NANI ANA MIA? MAMA ANA MIA. Lugha yetu inasomwa kama inavyoandikwa, na mtoto anayejua silabi chache ana maneno mengi mkononi. Nawasihi wazazi wasiiache neema hii wakakimbilia mabango ya picha yenye herufi ishirini na kitu kwa mkupuo.

Andika sentensi hizo kwa chaki ya fundi juu ya vipande vya kitambaa cheusi au cha bluu iliyoiva. Chaki inapangusika, kitambaa hakivunjiki, na mtoto anakitia mfukoni akatembea nacho. Kama hushoni, mkaa kwenye sakafu ya saruji unatosha, na mchanga mbichi wa pwani unatosha zaidi.

Kanga ya pili kwangu ni WEMA HAUOZI. Itazame vizuri: irabu zote tano zimo. Kutoka hapo mtoto anaongeza herufi moja moja kwa kanga atakazozichagua mwenyewe, na ni muhimu achague mwenyewe. Wa kwanza alitaka kanga yenye korosho kubwa kwa ajili ya korosho, si kwa ajili ya maneno, na maneno akayapata vilevile. Silabi nzito kama mba, nda, nja, ng'o na cha ziache mwisho, na usizipange kama orodha ya kukariri. Zitajileta zenyewe akitaka kuandika "mbuzi" au "ng'ombe".

Ikifika hapo ataanza kusoma migongo ya watu njiani. Mwambie akunong'oneze, maana kanga nyingine zina ujumbe kwa jirani.

Tatizo la kanga ni moja, hazina herufi ndogo. Kwa hizo tumia gazeti lililofungiwa maandazi na pakiti za unga na chumvi. Mpe penseli azungushie kila "a" anayoiona katika habari moja, kesho "n", keshokutwa "m". Atachanganya "b" na "d" kwa muda mrefu. Usimgombeze kwa hilo, ni kawaida ya umri, na linaisha.

Kuandika kwa penseli sikuharakishi. Vidole vya mtoto wa miaka minne bado ni laini, na dawa yake ni kazi: kutunga vifungo kwenye uzi, kukanda unga, kuchambua mchele, kufumua mshono wa nguo ya zamani kwa kuvuta uzi. Mkasi na sindano vinakaa juu, na vinashuka tukiwa wawili.

Futi, maandazi na saa

Futi ya fundi ina upande wa inchi 60 na upande wa sentimita 150. Mpe apime mlango, beseni, mguu wa bibi, mbuzi wa jirani akikubali. Angalia jambo moja: watoto wengi huanza kupima kwenye namba 1 badala ya mwanzo wa futi, kwenye kile kibati. Ukimsahihisha kwa maneno atasahau. Mkatie kitambaa cha inchi 2. Akianzia kwenye 1 atasema ni 3. Usibishane naye, mpe kingine ulichokipima wewe, mwambie hicho ni cha inchi 3, na avilaze pamoja. Ataona kimoja ni kirefu, atapima upya, na hutakuwa na haja ya kumkumbusha tena mwanzo wa futi uko wapi.

Vifungo vinatoa hesabu za kuzidisha kabla mtoto hajasikia neno lenyewe. Vifungo vitatu vya matundu manne vina matundu mangapi? Atahesabu moja moja mpaka 12. Baadaye ataanza kuruka: nne, nane, kumi na mbili.

Jikoni ni hivyohivyo. Gawa unga wa maandazi madonge manne, sukuma kila donge liwe duara, mtoto akate kila duara vipande vinne. Maandazi 16. Sisi tupo watano, kila mtu anapata matatu, linabaki moja. Hilo moja ndilo darasa: apewe bibi? Likatwe? Vipande vingapi? Waache wabishane mpaka wakubaliane.

Saa huwatatiza watoto wetu kwa sababu ukutani mshale mfupi uko kwenye 7 na sisi tunasema saa moja. Mwonyeshe ng'ambo ya pili ya uso wa saa: mkabala na 7 ipo 1, mkabala na 8 ipo 2, mkabala na 12 ipo 6. Atacheza na hilo kutwa nzima, na atajua kusoma saa zote mbili, yetu na ya shuleni.

Kutumwa dukani kunafuata, kwa duka la upande huohuo wa barabara. Anza na kitu kimoja na fedha kamili. Baadaye mpe noti ya 1,000 anunue cha 700, na kabla hajatoka akuambie arudi na ngapi. Mwenye duka naye mzoeshe mapema, umwombe amhesabie chenji mkononi taratibu.

Anachokipenda ndicho kinachokokota vingine

Hapa ndipo ninapotaka mzazi akae sana. Wangu wa kati hakutaka kanga wala vifungo mwanzoni. Alitaka ngalawa. Kila Jumamosi lazima tushuke pwani ya Sahare akatazame wavuvi wakiingia, na akirudi nyumbani kila kipande cha mti ni chombo. Watu waliniambia nimkatize. Nikamletea beseni la maji.

Tuliweka vitu mkekani: kifuu, kipande cha kumbi, jiwe, kifungo, jani la mwembe, kijiko. Kabla ya kukitia kitu majini, lazima aseme: kitaelea au kitazama? Kifuu kikaelea. Kisha akakitia maji kwa kijiko, akihesabu, mpaka kikazama. Kesho yake akatia changarawe badala ya maji. Keshokutwa akatafuta kifuu kikubwa zaidi aone kitabeba ngapi. Nilichofanya mimi ni kuuliza, "Unadhani kwa nini?" na kuendelea kupindisha suruali ya mteja. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba kifuu kimechoka. Sikulipinga. Nilimuuliza kifuu kikubwa mbona hakichoki upesi, na yeye mwenyewe akalirekebisha.

Kutoka kwenye beseni tukaenda kwenye bahari yenyewe. Chomeka kijiti mahali maji yanapofikia, kaeni kidogo, tazameni yanaenda wapi. Maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mkienda Jumamosi hii saa nne asubuhi mkakuta yamejaa, Jumamosi ijayo saa ileile mtayakuta yamekupwa. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake atauliza kuhusu mwezi bila kuambiwa, kwa sababu wavuvi watamtajia bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wavuvi ni walimu wazuri sana. Mfundishe kuwaamkia kwanza, "Shikamoo, mjomba," asubiri mtu amalize kufunga kamba, ndipo aulize. Na mkono wako usimwachie karibu na maji.

Herufi alizozikataa kwenye kanga alizitaka mara moja kwa ajili ya kuandika majina ya samaki chini ya picha zake: pono, tasi, changu, nguru. Pono na tasi anaweza kuzisoma mtoto wa silabi chache. Changu ilimfundisha "cha". Ndiyo maana nasema usiwe na haraka na mtoto anayekataa. Chunguza anachokimbilia akiachwa peke yake, kiwe kuku, bodaboda au siafu, kisha ujiulize ndani yake mna kuhesabu gani, maneno gani, maswali gani. Kuku anayeatamia ni kalenda ya siku 21, mtoto anapiga alama moja kila asubuhi.

Lipo swali utakaloulizwa usiwe na jibu lake. Sema, "Sijui, tutamuuliza nani?" Halafu mkaulize kweli, siku hiyohiyo ikiwezekana. Usiahidi tu.

Jioni, waachie wenzao

Mtoto wa nyumbani anahitaji watoto wenzake. Kuanzia saa kumi wangu wako nje: mdako, rede, kombolela, wengine wakirudi kutoka chuoni, yaani madrasa. Usiwafuate na masomo huko. Kwenye mdako mtoto anahesabu kokoto huku jicho likiwa juu kwenye jiwe lililorushwa, na akikosea wenzake watamwambia. Baada ya chakula cha usiku kuna vitendawili na hadithi, gizani umeme ukikatika ndiyo raha zaidi. "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Mtake naye atege vyake, hata kama havijakaa sawa.

Nina daftari moja kwa kila mtoto. Usiku naandika mstari mmoja au miwili: leo kasoma neno gani, kauliza nini, kakasirikia nini. Siku nyingine siandiki kitu. Ukilipitia baada ya miezi michache unaona mambo ambayo kila siku peke yake haiyaonyeshi, kwa mfano kwamba anasoma vizuri asubuhi na jioni anachoka, au kwamba tangu mwezi uliopita hajauliza swali hata moja, na hapo unajua umemzidishia.

Kiboko hakina kazi katika haya. Mtoto wa miaka minne akichapwa kwa kusahau "mi" atajifunza kuiogopa kanga ya mama yake.

Mwaka wa kwenda shule ukikaribia, ulizia mapema shule iliyo karibu, kabla ya Januari, na tayarisha cheti chake cha kuzaliwa. Miezi hiyo ya mwisho mzoeshe mambo ambayo nyumbani hayana ulazima: kunyoosha mkono na kusubiri zamu, kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa sauti inayosikika, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, kukaa na kazi moja mpaka iishe hata kama haipendi, kutaja jina lake kamili na la mzazi. Shati la sare mshonee au mnunulie mapema, alivae nyumbani siku mbili tatu.