Kuieleza GPA ndogo unapoomba shahada ya uzamili

Kabla hujaandika neno la kujitetea, hakikisha una kesi ya kujibu. Mwenye GPA ya 3.1 kwenye kipimo cha 5.0 anayeomba chuo kinachotaka 2.7 hana kesi. Akianza kujieleza, anamwonyesha msomaji kidonda ambacho hakuwa amekiona. Maelezo yanahitajika pale GPA ilipo chini ya kiwango au imekigusa kwa kidole, pale muhula mmoja ulipoporomoka, au pale kozi mama ya fani unayoomba ilipokwenda sapu (mtihani wa marudio). Anayeomba uzamili wa uchumi huku ana D ya Takwimu aieleze hiyo D, hata kama GPA yake inapendeza.

Pima pia kama kiwango chenyewe kina mlango. Ujerumani alama za nje hugeuzwa kwa fomula: chukua alama ya juu kabisa, toa ya kwako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa kipimo cha 5.0 chenye ufaulu wa 2.0, GPA ya 3.5 inatoka 2.5 na 3.1 inatoka 2.9, kule namba ndogo ndiyo nzuri. Programu ikisema mwisho ni 2.5 bila msamaha, huenda aya yako isisomwe na mtu, basi ada ya maombi ipeleke kwingine. Marekani vyuo vingi hutaja 3.0 kati ya 4.0, ila mara nyingi idara inaweza kumwombea msamaha wa kiwango hicho mwombaji inayemtaka, na hapo maelezo yana kazi.

Usijigeuzie GPA mwenyewe kwa kuzidisha 4 na kugawa kwa 5. Hiyo 3.1 itakuwa 2.48, na utakuwa umejinyonga bure, maana wakadiriaji wa vyeti vya nje kama WES (World Education Services) wanaweza kupitia kozi moja moja. Fomu ikikuruhusu, andika 3.1/5.0 kama ilivyo kwenye transkripti.

Sasa piga hesabu itakayokubeba: GPA ya miaka miwili ya mwisho. Kwa kila kozi zidisha pointi kwa kredit (B+ ya pointi 4 kwenye kozi ya kredit 12 ni 48), jumlisha zote, gawanya kwa jumla ya kredit. Fanya vivyo hivyo kwa kozi za fani unayoomba peke yake. Ukitaja namba hiyo, sema ni ya kozi zipi, kwa sababu kamati inaweza kuihakiki.

Aya yenyewe isizidi maneno 150. Iwe na mambo manne kwa mpangilio huu: nini kilishuka na lini, sababu, kilichobadilika, ushahidi. Sababu ipewe sentensi moja au mbili tu. Wengi huharibu hapo: msiba unapewa nusu ukurasa, ushahidi mstari mmoja, na msomaji anabaki na huruma pamoja na shaka. Anachotaka kujua ni kama jambo hilo litajirudia akikupokea. Mfano:

"Muhula wa pili wa 2021/22 nilipata C tatu na sapu ya Hisabati. Mkopo ulichelewa, nikawa nafanya kazi usiku siku tano kwa wiki. Mwaka uliofuata niliacha kazi hiyo. GPA ya miaka yangu miwili ya mwisho ni 3.8, na Ekonometria, inayotumia hisabati ileile, nilipata B+."

Mhadhiri aliyekubania, mtihani uliokuwa mgumu na chuo kilichojaa migomo visiingie; hata kama ni kweli, vinasikika kama visingizio. Corona nayo usiitaje kwa jumla, kila mwombaji aliipitia. Sema ilikugusaje wewe. Na kama hukuwa na sababu zaidi ya ujana, kiri kwa sentensi moja: "Mwaka wa kwanza sikusoma kwa bidii." Ni bora kuliko ugonjwa wa kubuni, ambao unaweza kuombewa cheti cha hospitali.

Kama fomu ina nafasi ya maelezo ya ziada, weka aya huko. Kama haina, iingie baada ya katikati ya barua yako ya malengo. Isiwe ya kwanza wala ya mwisho. Ikiwa ulinyamaza kwa sababu jambo ni la siri, kama ugonjwa wa akili au ugomvi wa nyumbani, mwombe referii (anayekuandikia barua ya mapendekezo) anayelifahamu aliguse kwa maneno yake. Mpe transkripti, rasimu yako na tarehe za mihula wiki tatu kabla ya mwisho wa maombi, na mkubaliane wazi anachoruhusiwa kusema. Barua ya kuahirisha masomo na vyeti vya hospitali viwe tayari kwenye PDF, lakini usiviambatishe mpaka uombwe.