Mambo ya kuzingatia kabla ya kukaa mtihani wa uchunguzi wa kompyuta

Kabla ya kulipa hata senti, jua mtihani unaoutaka unapima nini. Watu wanavitaja vyeti vya uchunguzi wa kidijitali, yaani wa kutafuta ushahidi ndani ya kompyuta, kama kitu kimoja, na sivyo. CHFI wa EC-Council ni maswali 150 ya kuchagua jibu kwa saa nne. GCFE wa GIAC ni maswali 82 kwa saa tatu, na unaruhusiwa kuingia na vitabu na madaftari yako, mradi yawe ya karatasi. EnCE, ulioanzishwa na Guidance Software na sasa uko chini ya OpenText, una sehemu ya nadharia na nyingine ya vitendo. CFCE wa IACIS umejaa kazi za vitendo kwelikweli. Kama unataka cheti cha kuweka kwenye barua ya maombi ya kazi, wa kuchagua majibu unakutosha. Kama unatarajia kusimama mahakamani ukaulizwe maswali na wakili, jisukume uende kwenye wa vitendo, hata kama utakuchelewesha. Idadi ya maswali na alama za kufaulu hubadilishwa, kwa hiyo zihakikishe tena siku unayolipa.

Ada ni kwa dola. Uliza benki yako mapema kama kadi imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na kikomo chake ni kiasi gani kwa siku.

Jina lako. Kwetu mtu ana majina matatu, na mara nyingi cheti cha kuzaliwa kinasema moja, kitambulisho kinasema jingine, na pasipoti jingine tena. Jisajili kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho utakachokionyesha, herufi kwa herufi, na jina la ukoo likae mahali pa jina la ukoo. Msimamizi wa mtihani hana ruhusa ya kukuhurumia. Pasipoti ndiyo salama zaidi. Kama imeisha muda, shughulikia hilo kabla ya kufungua kitabu.

Ukifanyia mtihani nyumbani kwa kusimamiwa kwa kamera, usitumie laptopu ya ofisini. Zile zimefungwa na watu wa tehama wa kampuni, programu ya msimamizi itakataa kuingia, na wewe utabaki kupiga simu kwa mtu ambaye siku hiyo yuko likizo. Betri iwe imejaa. Ruta nayo iwe na chanzo chake cha umeme, kwa sababu watu wengi hukumbuka laptopu na kusahau kwamba umeme ukikatika ruta ndiyo inayozima kwanza. Simu haitaruhusiwa mezani, basi usiitegemee kama intaneti ya akiba bila kuuliza kwanza. Meza iwe tupu, na watu wa nyumbani waambiwe kwa msisitizo kwamba mlango haufunguliwi kwa sababu yoyote ile. Mtu mmoja akipita nyuma yako, mtihani unaweza kusimamishwa palepale.

Kuhusu kusoma kwenyewe, kuna vitu vya kukariri tu na havina mjadala. Saini za mafaili, yaani baiti za mwanzo zinazotambulisha aina ya faili, zikiandikwa kwa heksa (namba za msingi wa 16): JPEG inaanza na FF D8 FF, PDF na 25 50 44 46, ZIP na 50 4B 03 04. Sekta ya kwanza ya diski ya MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski) inaishia na 55 AA, na jedwali la patisheni, yaani vigawanyo vya diski, linaanza kwenye baiti ya 446, nafasi nne za baiti 16 kila moja. Hashi, yaani alama ya kidole ya faili inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zake, ya MD5 ina herufi 32 za heksa, SHA-1 ina 40, SHA-256 ina 64. Kwenye logi za Windows, 4624 ni aliyeingia, 4625 ni aliyejaribu akashindwa, 1102 ni logi ya usalama iliyofutwa. Mpangilio wa kukusanya ushahidi unaanza na kinachopotea upesi: rejista na kashe za prosesa, kisha kumbukumbu ya RAM na programu zinazoendelea, ndipo diski. Hilo limeandikwa kwenye RFC 3227 ya mwaka 2002, nayo ni kurasa chache tu, isome yenyewe badala ya kusoma muhtasari wa mtu.

Ukiingia na vitabu, tengeneza faharasa yako mwenyewe, kwa mkono wako. Usiombe ya rafiki. Faida yake iko kwenye kuitengeneza, maana ukiwa na dakika mbili kwa swali huna muda wa kufunua kitabu usichokijua.

Sasa tufike kwenye saa. Hapa naomba utulie, maana ndipo nilipoona mtu hodari akianguka.

Kwenye kundi letu la kujisomea Dar es Salaam alikuwamo dada mmoja ambaye sote tulimkimbilia tukikwama. Heksa alikuwa anaisoma kama mtu anavyosoma gazeti. Alifanya mtihani wa vitendo, ule wa kupewa nakala kamili ya diski na kutakiwa kueleza nani alifanya nini na lini. Akayapata mafaili yaliyofutwa, akaitambua flashi iliyochomekwa, akamjua mtumiaji. Matokeo yaliporudi alikuwa amefeli, na karibu kila jibu lililomwangusha lilikuwa lile la "lini". Saa zake zote zilikuwa mbele kwa saa nane. Kompyuta iliyochunguzwa ilikuwa ya Marekani, programu yake ilikuwa inaonyesha majira ya Afrika Mashariki, yaani ya laptopu yake mwenyewe, naye akanakili alichokiona kwenye skrini. Alilia, na mimi nilimwelewa. Kazi ngumu yote aliifanya sawasawa.

Maswali ya mtihani wake siwezi kuyaweka hapa. Watahiniwa husaini kwamba hawatayatoa nje, na wewe pia uheshimu hilo. Lakini kosa lenyewe unaweza kulijaribu leo kwa kesi ya mazoezi ambayo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imeiacha wazi kwa kila mtu kwenye hazina yake ya CFReDS. Inaitwa Hacking Case, na ni nakala ya laptopu ya Dell yenye Windows XP. Fungua haivu ya SOFTWARE (moja ya mafaili ambamo Windows huweka mipangilio yake), ingia Microsoft, Windows NT, kisha CurrentVersion, utafute InstallDate. Kwenye heksa utakuta baiti 3B 2E 25 41. Zisome kutoka nyuma, kwa kuwa mashine hizi huanza na baiti ndogo: 41252E3B. Kwa desimali ni 1092955707, yaani sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Ukizikokotoa unapata tarehe 19 Agosti 2004, 22:48:27 UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo majira yote hupimwa kwayo.

Usiandike jibu bado. Nenda kwenye haivu ya SYSTEM. Kwanza tazama ufunguo wa Select ujue ControlSet (seti ya mipangilio) ipi ndiyo iliyokuwa inatumika, halafu ingia Control, TimeZoneInformation. ActiveTimeBias ni 300. Hizo ni dakika ambazo ukizijumlisha kwenye saa ya mwenye kompyuta unapata UTC. Wewe unatoka UTC kurudi kwake, kwa hiyo unatoa saa tano. Kwa mwenye kompyuta ilikuwa 17:48:27, jioni ya tarehe 19. Kwenye laptopu yako iliyoko Dar es Salaam au Mombasa, sekunde hiyohiyo inasomeka 01:48:27 ya tarehe 20. Tarehe imebadilika! Ukiwa mahakamani na mshtakiwa ana mashahidi wa alikokuwa usiku wa tarehe 20, umeshamtia mtu hatiani au umeshamwachia kwa sababu ya mpangilio wa programu.

Sisi tunateleza hapa kirahisi kwa sababu saa zetu hazisogezwi. Tuko UTC+3 mwaka mzima, tumezaliwa hivyo. Sehemu kubwa ya Marekani, tangu 2007, inasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. New York ni UTC-5 wakati wa baridi na UTC-4 wakati wa joto. Mafaili mawili ya kompyuta moja, moja la Februari na moja la Julai, hayahesabiwi kwa tofauti moja.

Halafu ije flashi, ndiyo inayomaliza watu. NTFS, mfumo wa mafaili wa diski za Windows, huhifadhi saa kwa UTC, ikihesabu kuanzia 1 Januari 1601. FAT32, mfumo mwingine ambao utaukuta kwenye flashi nyingi, huhifadhi saa ya ukutani ya mashine iliyoandika, bila kusema ni majira ya wapi. Saa ya kubadilishwa kwa faili inaruka kwa sekunde mbili mbili, na kwa siku ya mwisho ya kufunguliwa ipo tarehe tu, saa haipo kabisa. Kwa hiyo ukiweka diski na flashi kwenye orodha moja ya matukio, programu inalazimika kukisia majira ya flashi, na itakisia kwa kufuata ulichochagua wakati wa kufungua kesi. Wengi hubonyeza "endelea" bila hata kusoma.

Fanya hivi, kila mara, hata kwenye mazoezi: ukifungua kesi, iweke programu ionyeshe UTC. Tafuta majira ya kompyuta kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Kwenye ripoti, kila saa unayoandika iwe na majira yake pembeni. Kubadilisha iwe hatua ya mwisho, kwa kadiri swali linavyotaka, kwa sababu kuna swali linalotaka UTC na lingine linalotaka saa ya mtuhumiwa. Yule dada alirudia akiwa na utaratibu huo akafaulu, na leo ndiye anayewafundisha wengine.

Na saa ya mtihani wenyewe iangalie vilevile. Ratiba inaweza kuandikwa kwa majira ya mtoa mtihani. Iandike ukutani kwa mtindo wa saa 24 na kwa saa za kwetu, usije ukamwambia dereva "saa tatu" naye akaja usiku.

Turudi kwenye mengine. Ukifanya mazoezi, usiguse kielelezo halisi: tumia kifaa cha kuzuia kuandika, tengeneza nakala, chukua hashi ya nakala na uilinganishe, kisha fanyia kazi nakala. Hata kama ni flashi yako ya nyumbani. Mkono ukizoea, swali la utaratibu halikusumbui. Programu za uchunguzi kama Autopsy, FTK Imager na Volatility zinapatikana bure, huna kisingizio cha kusoma tu bila kufanya. Jaribu jambo dogo: nakili faili kutoka kwenye diski kwenda flashi, uone kwamba tarehe ya kuundwa imekuwa mpya lakini ya kubadilishwa imebaki ya zamani. Ukiliona kwa macho yako mara moja hutalisahau.

Sheria. Mitihani mingi ya aina hii imetungwa kwa kufuata Marekani, basi ujue Marekebisho ya Nne ya Katiba yao kuhusu upekuzi, na kipimo cha Daubert cha mwaka 1993 kuhusu ushahidi wa wataalamu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, au kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, utavihitaji sana kazini, na ni lazima uvijue, lakini usivijibie mtihani wao.

Wapo wanaouza maswali yaliyoibwa. Usinunue. Cheti kinaweza kufutwa, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kazi hii inasimama juu ya uaminifu wa mchunguzi: jaji hawezi kuona baiti, anakuona wewe. Mtu aliyeingia kwa wizi atasemaje mbele ya mahakama kwamba mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yaani kumbukumbu ya nani alikishika kila kielelezo na lini, haukukatika? Ukikutana na kundi la namna hiyo kwenye simu, toka.

Siku ya kuamkia mtihani usisasishe Windows, usibadilishe chochote kwenye laptopu, usianze mada mpya. Lala. Asubuhi kula chakula ulichozoea. Soma swali hadi mwisho, hasa yale yanayouliza lipi si sahihi. Usikae kwenye swali moja kwa dakika tano, kama mfumo unaruhusu kuliruka na kurudi, fanya hivyo, na kama hauruhusu, ujue hilo kabla. Kwenye wa vitendo hifadhi kazi mahali pawili na usingoje siku ya mwisho kupakia ripoti, intaneti yetu unaijua. Ukifaulu, andika palepale tarehe ambayo cheti kitaisha. Vya GIAC vinadumu miaka minne, vingine vina utaratibu wao, na kuvihuisha kuna ada yake na saa za mafunzo za kuonyesha, kwa hiyo anza kutunza risiti na vyeti vya kozi tangu mwezi wa kwanza.