Pasi ya makaa na kasha: namna ya kuvitumia nguo zisiharibike

Katika baadhi ya nyumba za Lamu bado utaikuta pasi ya makaa, ile nzito ya chuma yenye mpini wa mbao, na kasha lililopigwa misumari ya shaba. Inasikitisha kuona vyote viwili vimefanywa mapambo, ilhali vingali vyafaa kazi.

Makaa ya mti mgumu hudumu, nami huyapendelea hayo. Yawashe nje, kwenye jiko, mpaka yawe mekundu na moshi ukome, ndipo uyatie ndani ya pasi kwa koleo, ufunge kifuniko na kukaza kitasa. Usipige pasi katika chumba kilichofungwa madirisha, kwa sababu hewa ya makaa ina sumu isiyo na harufu, nayo huua. Moto ukififia, ondoka na pasi mbali na nguo, uiyumbishe polepole ili upepo upite kwenye matundu na majivu yapukutike. Mimi niliwahi kuipepea juu ya kanzu ya Idi. Cheche moja ikatoboa tundu jeusi kifuani, chini kidogo ya darizi, na kanzu ile haikuvaliwa tena.

Futa uso wa pasi kwa kitambaa kikavu, kisha uijaribu kwenye kitambaa kikuukuu: kikigeuka rangi, ngoja ipoe kidogo. Nyunyizia kanzu maji, anza na mikono, na darizi uipige kwa upande wa ndani isije ikalala.

Wengi hukosea hapa: nguo iliyotoka kwenye pasi bado ina mvuke, na ukiikunja ingali na joto ukaifungia kashani, kwa unyevu wa bahari tulio nao, itaota ukungu. Itundike mpaka ipoe na kukauka kabisa. Ukipenda kuifukiza udi, ifukize kabla ya kuikunja. Asumini mbichi usiilaze juu ya nguo nyeupe, maana huacha madoa.

Kasha lenyewe liinue kwa matofali, lisiguse sakafu wala ukuta, mchwa wasilifikie. Nguo nzito zikae chini, kanzu na nguo za hariri juu. Masika yakishapita, zitoe zote uzianike kivulini penye upepo, na kasha uliache wazi kutwa nzima kabla ya kuzirudisha.