Unapokuja kupimwa rovu kwa ultrasaundi

Mimi ni mpiga ultrasaundi hapa Tanga, na wagonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, hunijia kutoka Ngamiani, Pongwe, hata Lushoto. Wengi hufika na njaa. Kula, mama, kipimo cha shingo hakihitaji kufunga. Vaa nguo yenye shingo pana, vua mkufu. Utalala chali, mto chini ya mabega, kidevu juu.

Lakini tangulia na kipimo cha damu. Picha huonyesha umbo la tezi. Kama homoni zimezidi au zimepungua, hilo hujibiwa na kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. Njoo na majibu hayo pamoja na picha za zamani, nilinganishe.

Nikikuta kivimbe, sikiharakishi. Kimejaa maji au nyama? Kingo zake zimenyooka? Kina chembechembe za chokaa? Kimesimama kirefu kuliko upana wake? Dalili mbaya zikikutana, daktari huagiza sindano nyembamba ya kuchukua seli. Kilicho chini ya sentimita 1 mara nyingi hufuatiliwa tu. Vivimbe vingi si saratani, na nataka mgonjwa alisikie hilo kabla hajashuka kitandani.

Ukiandikiwa CT skani yenye dawa ya mshipani, sema una rovu. Dawa ile ina madini joto mengi: yaweza kuchochea tezi, na huvuruga skani ya tezi ya kutumia madini joto yenye mionzi kwa wiki kadhaa. Skani hiyo ya mionzi haifanywi kwa mjamzito; anayenyonyesha naye aseme mapema.