Wastani wa alama za darasa kwenye Excel, na mahali unapokosewa kimyakimya

Mfano wetu ni darasa la Kidato cha Pili lenye wanafunzi 45 na masomo 7. Majina yako safu ya B, alama zinaanzia C hadi I, wastani utakaa J, na mstari wa 1 ni wa vichwa. Fomula zote hapa zinakubali kwenye Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets. Kazi hii ifanyie kwenye kompyuta. Kwenye simu kidole kinagusa seli ya jirani, alama ya mtoto inafutika na hakuna anayegundua.

Hatua ya 1: Fomula

Kwenye J2 andika =AVERAGE(C2:I2), bonyeza Enter, kisha buruta kona ya chini hadi J46.

Achana kabisa na =(C2+D2+E2+F2+G2+H2+I2)/7. Inagawanya kwa 7 hata kwa aliyefanya masomo 5, na ikikuta neno ABS (la aliyekosa mtihani) inatoa kosa la #VALUE!.

Hatua ya 2: Aliyekosa mtihani

AVERAGE inaruka seli tupu na maneno, lakini sifuri inaihesabu. Mwanafunzi mwenye 60, 70 na 50, aliyekosa somo la nne, anapata wastani wa 60 ukimwandikia ABS. Ukimwandikia 0 anashuka hadi 45. Kwa hiyo kabla ya kujaza, walimu wakubaliane: 0 ni ya aliyekaa kwenye chumba cha mtihani na kupata sifuri, ABS ni ya ambaye hakuwepo. Seli tupu isiachwe, maana hakuna atakayejua kama ni mtoro au ni mwalimu wa somo ambaye hajaleta alama.

Aliyekosa mitihani yote atatokea na #DIV/0!. Tumia hii:

=IF(COUNT(C2:I2)=0,"ABS",AVERAGE(C2:I2))

Kompyuta ikikataa mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato. Hilo linatokana na mipangilio ya nchi kwenye mashine. IFERROR nayo ingeondoa alama hiyo ya kosa, ila inafunika makosa mengine yote pamoja nayo, hivyo haifai kwenye matokeo ya wanafunzi.

Hatua ya 3: Alama ambazo ni maandishi

Hapa ndipo muda unapopotea. Alama zilizonakiliwa kutoka WhatsApp, kwenye PDF au kwenye faili la mwalimu mwingine mara nyingi huingia kama maandishi. Kwa macho ni 80, kwa Excel ni neno, na AVERAGE inaliruka kama ilivyoruka ABS. Chukua alama 80, 70, 60 na 30: wastani ni 60. Ile 80 ikiwa maandishi, jibu linakuwa 53.3. Hakuna onyo lolote, na 53.3 haitilii mtu shaka. Kibaya zaidi, ukijaribu kuhakiki kwa =C2+D2, alama ya kujumlisha inaligeuza neno kuwa namba na kukupa jibu sahihi, unaamini seli iko salama.

Kawaida namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi kushoto. Lakini jedwali la matokeo karibu kila mara limewekwa katikati ili lipendeze, na dalili hiyo inapotea. Chagua C2:I46, ondoa mpangilio wa katikati, kisha angalia zilizobaki kushoto. Kwenye Calc bonyeza Ctrl+F8: namba zinakuwa za bluu, maandishi meusi.

Kwa uhakika zaidi, C48 andika =COUNT(C2:C46), C49 andika =COUNTA(C2:C46), uburute zote hadi I. Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili kila kisicho tupu. Tofauti yake lazima ilingane na idadi ya ABS za somo hilo. Kama ABS ni 3 na tofauti ni 5, kuna seli mbili zenye tatizo.

Kuzitibu, fuata mpangilio huu:

Kwanza nafasi. Chagua C2:I46 peke yake, Ctrl+H, weka nafasi moja kwenye Find, Replace iache tupu, Replace All. Ukijumuisha safu ya majina, Asha Juma anakuwa AshaJuma. Nafasi isipoondoka, huenda ni ile isiyokatika ya kurasa za intaneti, ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi, haiigusi; inakili kutoka ndani ya seli yenyewe uibandike kwenye Find.

Kisha chagua safu moja ya somo, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Finish. Rudia kwa kila safu. Kubadilisha tu muundo wa seli kuwa Number hakusaidii, maandishi yanabaki maandishi.

Wengi hufundisha kunakili 1 na kuibandika kwa Paste Special, Multiply. Usiifuate kwenye alama: seli tupu zote zinageuka 0, na wastani wa waliokosa unaporomoka.

Zikibaki sugu, fungua Filter ya safu hiyo. Maandishi yako mwisho wa orodha, baada ya namba, na huko utakuta 4O yenye herufi O badala ya sifuri. Hiyo irekebishe kwa mkono.

Hatua ya 4: Desimali

44.6 ukiificha desimali inaonekana 45, lakini fomula ya gredi bado inaona 44.6. Kwa kuwa gredi C inaanzia 45, mzazi ataona 45 yenye gredi D. Tumia =IF(COUNT(C2:I2)=0,"ABS",ROUND(AVERAGE(C2:I2),0)), au acha desimali ionekane.

Hatua ya 5: Wastani wa mikondo yote

Usichukue wastani wa wastani. Mkondo A una wanafunzi 52 na wastani 48, B una 38 na wastani 61. Ukizijumlisha na kugawa kwa 2 unapata 54.5; wastani halisi ni 53.5, kwa sababu A ina watoto wengi zaidi. Idadi ikiwa B2:B3 na wastani C2:C3:

=SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(B2:B3)

Idadi ya kuweka hapo ni ya waliofanya mtihani, siyo ya walioandikishwa.